Ultrasaundi ya kisigino: namba zilizo kwenye karatasi ya kipimo cha mifupa zinasema nini, na zisichosema ni kipi?

Mleta uzi

Habari za wakati huu, wanajukwaa.

Shangazi yangu ana umri wa miaka 61, ni mkulima, na tangu nipate akili sijawahi kumkuta amekaa kivulini saa nne asubuhi. Mwezi uliopita nilimkuta barazani, miguu ameinyoosha juu ya mkeka, akaniambia kwa sauti ya mtu aliyekwisha kukata tamaa kwamba mifupa yake "imelika yote". Alikuwa amepimwa kwenye kambi ya afya ya bure iliyowekwa uwanjani karibu na stendi. Aliingiza mguu kwenye mashine ndogo mfano wa kiatu kikubwa, akapakwa jeli kisiginoni, na baada ya dakika moja au mbili akapewa karatasi yenye alama ya T ya −2.6 iliyozungushiwa kalamu nyekundu. Palepale aliuziwa makopo matatu ya virutubisho na kuonywa asibebe ndoo wala asiiname shambani, kwa kuwa anaweza kuvunjika wakati wowote.

Mimi ni mtu wa idara ya mionzi, na mashine ya aina ile nimeitumia kwa miaka kadhaa, ndiyo maana nimeona nifungue uzi huu. Wahusika wa kambi sitawataja, kwa sababu ninachotaka kujadili ni jinsi namba ile inavyosomwa. Vilevile niwatoe wasiwasi mapema wale watakaodhani nimekuja kusema kipimo chenyewe ni utapeli. Si utapeli. Ni kipimo halali ambacho kimefanyiwa utafiti kwa miaka arobaini, ila kimeumbwa kujibu swali moja, na watu wanakitwisha maswali manne kwa mpigo.

Tuanze na namna kinavyofanya kazi. Ultrasaundi tuliyoizoea, ile ya wajawazito, hutuma mawimbi ya sauti ya takribani megahezi 3 hadi 5 na kusubiri mwangwi urudi, kisha mashine huchora picha kutokana na mwangwi huo. Mawimbi hayo yakikutana na mfupa, sehemu kubwa hurudishwa na uso wa mfupa na yanayobaki humezwa ndani yake, kwa hiyo nyuma ya mfupa panabaki kivuli cheusi. Aliyewahi kuangalia kioo wakati mjamzito anapimwa atakumbuka kwamba mfupa wa paja la mtoto huonekana kama mstari mweupe unaong'aa na chini yake giza. Mashine ile inaweza kuupima urefu wa mfupa, lakini haina la kusema juu ya uimara wake ndani.

Mashine ya kisigino ni mdudu mwingine kabisa. Ina vichwa viwili vinavyotazamana, kimoja kila upande wa kisigino. Kimoja hutuma sauti na cha pili hupokea ile iliyofanikiwa kupenya. Ili sauti ipenye, hutumika mawimbi ya chini zaidi, kati ya megahezi 0.2 na 0.6 kwa kawaida, kwa kuwa yale ya megahezi 3 yangekufa njiani. Mambo mawili hupimwa. La kwanza ni mwendo wa sauti, unaoandikwa kwenye karatasi kwa herufi SOS, nao huhesabiwa kwa mita kwa sekunde. La pili ni kiasi ambacho sauti inafifia kadiri mawimbi yanavyopanda kutoka megahezi 0.2 kwenda 0.6, ambacho huandikwa BUA na kuhesabiwa kwa desibeli kwa megahezi. Mfupa wenye nyuzi nyingi zilizoshikamana vizuri hupitisha sauti kwa kasi zaidi, na pia huififisha zaidi kadiri mawimbi yanavyopanda. Mfupa uliopungua nyuzi hukaribia tabia ya uboho na mafuta yaliyomo ndani yake, yaani sauti hutembea polepole na hufifia kidogo tu. Wengi hushangaa kusikia hivyo, kwa sababu mtu hutegemea mfupa dhaifu ndio uzuie sauti. Ni kinyume chake.

Wazo la kupima BUA liliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1984 na Christian Langton na wenzake huko Hull, Uingereza. Walichagua kisigino kwa sababu zinazoeleweka hata kwa fundi wa mitaani: mfupa wake kwa takribani asilimia 90 ni wa sponji, pande zake mbili karibu ziko sambamba, nyama yake ni chache, na hubeba uzito wa mwili kila siku. Mfupa wa sponji hubomolewa na kujengwa upya kwa haraka kuliko gamba gumu la nje, hivyo mwanamke akikoma hedhi, sponji ndiyo huanza kuonyesha hasara. Kwa upande wa biashara, mamlaka ya dawa na vyakula ya Marekani iliidhinisha mashine za kwanza za kisigino mwaka 1998, na tangu hapo zimesambaa kwa sababu ni nyepesi, hubebwa kwenye buti la gari, hazitoi mionzi na hazihitaji chumba chenye kuta za risasi.

Sasa nije kwenye ile −2.6. Alama ya T ni umbali kati ya kipimo chako na wastani wa vijana wenye afya, ukihesabiwa kwa mkengeuko sanifu, yaani kiasi ambacho watu hao kwa kawaida hutofautiana na wastani wao. Shirika la Afya Duniani mwaka 1994 liliweka mpaka kwamba mwanamke aliyekoma hedhi mwenye alama ya −2.5 au chini yake ana ugonjwa wa mifupa kuwa dhaifu, na aliye kati ya −1 na −2.5 ana upungufu wa kiasi. Mpaka huo ulitokana na vipimo vya wingi wa madini kwenye mfupa kwa kutumia mionzi, na leo husomwa kwa DEXA, mashine ya mionzi inayopima wingi wa madini, ya nyonga, uti wa mgongo au mkono wa mbele. Haukuwekwa kwa ajili ya mwendo wa sauti kisiginoni. Chama cha kimataifa cha wataalamu wa vipimo vya mifupa, katika misimamo yake ya mwaka 2007, kilisema waziwazi kwamba uainishaji wa Shirika la Afya Duniani usitumike kwa alama ya T ya ultrasaundi. Mtengenezaji wa mashine ana kundi lake la vijana alilolitumia kama kipimio, na mwingine ana lake, hivyo si ajabu mtu yuleyule kutoka na alama mbili tofauti kwenye mashine mbili tofauti katika asubuhi moja. Kuichukua −2.6 ya kisigino na kuiweka juu ya mstari wa −2.5 wa DEXA ni kupima unga kwa kibaba cha jirani halafu kudai bei ya kilo.

Hata hivyo, namba ile si ya kutupwa. Huko Ufaransa ulifanyika utafiti uitwao EPIDOS uliochapishwa mwaka 1996, ukiwafuatilia wanawake 5,662 wenye wastani wa umri wa miaka 80. Ilionekana kwamba kila BUA ya kisigino iliposhuka kwa mkengeuko sanifu mmoja, hatari ya kuvunjika nyonga iliongezeka karibu mara mbili, uwezo wa kubashiri unaokaribiana na ule wa DEXA ya nyonga yenyewe. Huu ni ushahidi wa nguvu. Lakini tazameni na upande wa pili: kwa takribani miaka miwili ya ufuatiliaji, waliovunjika nyonga walikuwa 115, yaani kama wawili katika kila mia, nao walikuwa bibi wa miaka themanini. Kumwambia mwanamke wa miaka 61 kwamba "unaweza kuvunjika wakati wowote" kwa kutumia kipimo hicho hicho ni kumtisha bure.

Kwa hiyo swali ambalo kisigino hujibu ni hili: je, mtu huyu yuko katika kundi lenye uwezekano mkubwa zaidi wa kuvunjika, kiasi cha kustahili kupelekwa kwenye uchunguzi kamili? Mengine yote, kama vile ana ugonjwa au hana, aanze dawa au asianze, dawa imefanya kazi au haijafanya, si yake. Karibuni tujadili.

Mama Wawili

Ahsante mkuu kwa uzi huu, umenigusa kwa sababu na mimi nimepimwa, ila si kwa jeli. Nilishikishwa fimbo ya chuma mkononi, waya ukaenda kwenye kompyuta ndogo, na baada ya dakika moja zikatoka kurasa nyingi zikieleza ini, figo, moyo, na sehemu ya mifupa ikasema nimepoteza kalisi nyingi na ute wa magoti umekauka. Mama yangu mzazi naye huambiwa kila siku kwamba mifupa inasagika. Je, fimbo ile ni aina nyingine ya ultrasaundi? Na je, kusagika ndiko huku unakokuita kudhoofika?

Mleta uzi

Mama Wawili, shikamoo yangu imfikie mama. Swali lako ni zuri kuliko uzi wangu, kwa hiyo nitalijibu kwa urefu kidogo.

Fimbo ya chuma si ultrasaundi. Sauti haipiti kutoka kiganjani hadi gotini kwa kushika chuma, na hakuna njia inayojulikana katika fizikia ambayo ingeiwezesha fimbo hiyo kujua kalisi iliyomo mifupani mwako wala ute wa magoti. Ultrasaundi ya kweli utaitambua kwa mambo mawili: lazima kichwa cha mashine kikaribiane na mfupa unaopimwa, na lazima pawe na jeli, maji au spiriti katikati, kwa sababu hewa kidogo tu kati ya ngozi na kichwa hurudisha karibu sauti yote. Ukipimwa mifupa pasipo mguu wako kulowa, jua kwamba haikuwa sauti.

Kuhusu kusagika, hapa ndipo lugha yetu ya mtaani inapotuponza. Tunaposema mifupa inasagika, mara nyingi tunazungumzia ugonjwa wa maungio, pale gegedu la goti au nyonga linapolika na mtu akaumwa akipanda ngazi au akiinuka kwenye kigoda. Udhaifu wa mifupa ni jambo jingine: nyuzi za ndani hupungua kimyakimya, na mtu hahisi maumivu yoyote hadi siku anapovunjika. Mtu anaweza kuwa na magoti mabovu kabisa na mifupa imara, au kinyume chake. Ultrasaundi ya kisigino haioni gegedu la goti, kwa hiyo anayekuonyesha karatasi ya kisigino kama maelezo ya maumivu ya goti amechanganya mafaili mawili.

Mwalimu wa Fizikia

Naomba kuchangia kwa kuongeza na kusahihisha kidogo. Mleta uzi ameeleza kana kwamba sauti inaziona nyuzi za mfupa. Tufanye hesabu ya kidato cha pili. Mwendo wa sauti kisiginoni ni takribani mita 1,500 kwa sekunde. Tukitumia mawimbi ya kilohezi 500, urefu wa wimbi moja ni mita 1,500 gawanya kwa 500,000, ambayo ni milimita 3. Uzi mmoja wa mfupa wa sponji una unene wa kati ya milimita 0.1 na 0.2. Wimbi la milimita 3 haliwezi kuuona uzi mmoja mmoja, kama ambavyo wimbi la bahari halisimami kuhesabu nguzo za gati. Kinachopimwa ni tabia ya jumla ya sponji pamoja na uboho uliojaa ndani yake.

Jambo la pili ni kwamba mwendo wa sauti kwenye kitu kigumu hutegemea ugumu wa kitu na uzito wake wa ujazo kwa pamoja. Katika ufito mwembamba, kipeo cha pili cha mwendo ni ugumu gawanya kwa uzito huo. Ndiyo maana watetezi wa ultrasaundi walisema tangu mwanzo kwamba inaweza kueleza ubora wa mfupa, si wingi wa madini tu. Nadharia ya Maurice Biot ya mwaka 1956 kuhusu vitu vyenye vinyweleo vilivyojaa kimiminika ilibashiri kwamba ndani yake husafiri mawimbi mawili, moja la haraka na jingine la polepole. Mwaka 1997 Wajapani Hosokawa na Otani waliyaonyesha mawimbi hayo mawili kwenye mfupa wa sponji wa ng'ombe. La haraka hutegemea zaidi nyuzi zenyewe na mwelekeo wake, na la polepole hutegemea zaidi uboho. Nyuzi zikiwa zimepangwa sambamba na njia ya sauti, mawimbi hayo hutengana vizuri; zikiwa zimeikata njia, huchanganyika na kuonekana kama moja. Mashine nyingi za kambini hazitenganishi chochote. Hutoa namba moja iliyochanganywa.

Mleta uzi

Mwalimu, nimekubali sahihisho. Na umenikumbusha kitu kuhusu hiyo namba iliyochanganywa.

Aina mojawapo ya mashine iliyoenea sana hutoa kile inachokiita kielelezo cha ugumu. Jina linapotosha, kwa sababu si ugumu ule wa mhandisi anayepinda chuma. Ni hesabu tu: BUA mara 0.67, jumlisha SOS mara 0.28, kisha toa 420. Tuchukue mfano wa mtu mwenye BUA ya 100 na SOS ya 1,520. Atapata 67 jumlisha 425.6 toa 420, yaani 72.6. Sasa tuseme mguu umewekwa vibaya kidogo na SOS ikasomeka 1,530. Namba itapanda hadi 75.4 bila mfupa kubadilika hata chembe. Hapo ndipo ujanja wa asilimia unapojificha. Muuzaji wa mashine atajisifu kwamba SOS yake ikirudiwa haikosei hata asilimia moja, na kweli ni hivyo. Lakini SOS za visigino vya binadamu karibu zote zimebanana kwenye nafasi finyu ya takribani mita 1,450 hadi 1,600 kwa sekunde, hivyo asilimia moja, ambayo ni mita 15, ni kipande kikubwa cha umbali wote kati ya mfupa mbovu na mfupa mzuri.

Muuguzi Mstaafu

Nimefanya kliniki ya wazee kwa muda mrefu, na ningependa kueleza kinachotokea kwenye kiti chenyewe, kwa kuwa makosa mengi yako pale wala hayako kwenye fizikia.

Asubuhi, kabla ya mgonjwa wa kwanza, mashine hupimwa kwa kipande maalumu cha plastiki ambacho namba yake inajulikana; ikipotoka, siku hiyo haipimwi mtu. Kisha mguu uvuliwe soksi, kisigino kifutwe vumbi na mafuta kwa spiriti, kwa maana wengi wetu hupaka mafuta ya mgando miguuni na hayo hushika viputo vya hewa. Jeli ipakwe pande zote mbili. Mguu ukae katikati, vidole vielekee mbele, na goti lisilale upande. Mgonjwa akigeuka kumsalimia jirani, rudia. Nimeshaona mama aliyetembea pekupeku alfajiri kwenye umande akipata matokeo tofauti na aliyopata saa saba mchana, kwa sababu joto la mguu hubadili mwendo wa sauti kwenye nyama, mafuta na uboho. Mwenye miguu iliyovimba, awe wa moyo, wa figo au wa safari ndefu ya basi, asipimwe siku hiyo, kwani uvimbe hubadilisha namba. Aliyewahi kuvunjika kisigino kimoja apimwe kingine.

Kambini, watu mia wakiwa wamepanga foleni juani, nani atafanya haya yote? Silaumu vijana wanaopima, wengi wamefundishwa nusu siku.

Mama Wawili

Muuguzi, ubarikiwe. Nina la mwisho, si kwa ajili yangu. Dada yangu mkubwa ametumia vidonge vya prednisoloni kwa pumu kwa miaka mingi. Alipimwa kisigino mara ya kwanza, akanywa makopo kwa miezi mitatu, akapimwa tena na kuambiwa amepanda kutoka −2.1 hadi −1.7. Amefurahi sana. Je, tumwache na furaha yake?

Mleta uzi

Hapana, dada, msimwache, ingawa mseme naye taratibu.

Mfupa haujengeki kwa kasi hiyo. Hata dawa zenye nguvu za hospitali hubadilisha mfupa kwa kiwango kidogo kwa mwaka, na kosa la kawaida la kurudia kipimo cha kisigino linatosha kumeza badiliko hilo. Ndiyo maana misimamo niliyoitaja ya mwaka 2007 inakataza kutumia ultrasaundi ya kisigino kufuatilia matibabu. Kutoka −2.1 hadi −1.7 kwa miezi mitatu kunaweza kuletwa na joto la mguu, jeli, au mkao tu. Na kama ingeshuka, ningesema hayohayo.

Jambo kubwa kwa dada yako ni prednisoloni. Dawa za jamii hiyo zikitumiwa kila siku kwa miezi mitatu au zaidi hudhoofisha mifupa, na zinaweza kumfanya mtu avunjike akiwa na alama ya T ambayo kwa mwingine isingetisha. Asiziache ghafla kwa hofu, kwa sababu kuacha ghafla kunaweza kumuangusha kwa njia nyingine; aende kwa daktari aliyempa. Huko atahesabiwa hatari yake kwa umri, uzito, historia ya kuvunjika, wazazi kuvunjika nyonga, sigara, pombe na dawa hizo. Kikokotoo cha FRAX kilichotolewa na Chuo Kikuu cha Sheffield mwaka 2008 hufanya kazi hiyo, na kinaweza kutumika hata pasipo kipimo cha mfupa. Kikiongezewa kipimo, kinachotakiwa ni cha shingo ya nyonga kwa DEXA. Namba ya kisigino haina mahali pa kuingizwa.

Na kwa kuwa tumegusa suala la nani huvunjika, niongeze jambo ambalo hunifanya nisite kila ninapoona vipimio vya Ulaya vikitumika kwetu bila maelezo. Mwaka 1996 ulichapishwa utafiti wa wanawake wa vijijini Gambia. Walionekana kuwa na madini kidogo kwenye mifupa kuliko wanawake wa Uingereza, lakini kuvunjika kwa udhaifu wa mifupa kulikuwa nadra miongoni mwa wazee wao. Sidai kwamba Mwafrika havunjiki. Wodi zetu za mifupa zina bibi waliovunjika nyonga kwa kuteleza bafuni. Ninachosema ni kwamba umbali kutoka kwenye wastani wa msichana wa Kizungu ni kitu kimoja, na kuvunjika ni kitu kingine.

Mwalimu wa Fizikia

Nimesoma kuhusu ultrasaundi mpya inayopima uti wa mgongo na nyonga moja kwa moja. Je, hiyo haitatuondolea mjadala wa kisigino?

Mleta uzi

Unazungumzia REMS, iliyobuniwa Lecce, kusini mwa Italia. Hiyo hutumia kichwa kinachofanana na cha wajawazito, cha megahezi 3.5, na haisubiri sauti ipenye hadi upande wa pili. Huchukua mwangwi ghafi unaorudi kutoka kwenye pingili za kiuno au shingo ya nyonga, kabla haujageuzwa kuwa picha, kisha hulinganisha mpangilio wa mawimbi yake na hazina ya mwangwi wa watu waliokwisha kupimwa kwa DEXA, wagonjwa na wazima. Kutokana na ulinganisho huo hutoa makadirio ya wingi wa madini na alama ya T ya mahali palepale ambapo DEXA hupima. Marekani iliiruhusu mwaka 2018. Kwa mjamzito, ambaye hatupendi kumpiga mionzi hata kidogo, au kwa mzee ambaye uti wake umeota vinundu vinavyoidanganya DEXA, naiona ni hatua kubwa. Hata hivyo haijatuondolea fundi: kichwa kikishikwa vibaya au tumbo likijaa gesi, mwangwi unaorudi ni takataka. Kwa bei zake na mafunzo yake, sitegemei kuiona uwanjani karibu na stendi hivi karibuni.

Kwa kisigino bado nina matumizi mazuri kabisa. Mahali ambapo DEXA iko mbali, kliniki inaweza kuwa na mipaka miwili kwa mashine yake yenyewe: aliye juu ya mpaka wa kwanza na hana hatari nyingine anarudi nyumbani, aliye chini ya wa pili na ana hatari nyingine anashughulikiwa mara moja, na walio katikati ndio wanaopanda basi kwenda kwenye DEXA. Hivyo unaokoa nauli za wengi bila kumwacha anayehitaji. Sharti ni kwamba mipaka hiyo iwe ya aina ya mashine inayotumika. Ile −2.5 ya DEXA isiazimwe.

Muuguzi Mstaafu

Na shangazi je? Umetuacha barazani.

Mleta uzi

Shangazi nilimpeleka jijini wiki mbili zilizopita. Kabla ya yote nilimpima urefu na kulinganisha na ule ulioandikwa kwenye kadi yake ya zamani ya kliniki. Angekuwa amepungua sentimeta nne au zaidi, ningehofia pingili zimebonyea, lakini amepungua moja tu. DEXA ilitoa −1.3 kwenye shingo ya nyonga na −1.8 kwenye uti wa mgongo. Ni upungufu wa kiasi, na kwa kuwa hajawahi kuvunjika, havuti sigara na hatumii dawa za kudhoofisha mifupa, daktari hakumwandikia dawa. Alimwambia aendelee na shamba, ale dagaa na mboga za majani, atoe mkeka unaoteleza mlangoni, na ndoo aijaze nusu mpaka magoti yatulie. Magoti ndiyo yaliyokuwa yanamsumbua tangu awali, na eksirei ilionyesha gegedu limelika upande wa ndani. Kisigino chake hakikuhusika.

DEXA nyingine ameambiwa baada ya miaka miwili. Makopo mawili hayajafunguliwa na yako juu ya kabati, anasema atamrudishia kijana yule akipita tena. La tatu amelimwaga na kulitia mbegu za mchicha.